Mkono Juu ya Kijiko

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
9 Septemba 2023

Dada Josepha,

Shikamoo. Pole na safari, pole na kuuguza. Mjomba wako Elimringi ametuambia mama yako alianguka migombani akavunjika nyonga, ndiyo maana uliondoka haraka vile. Nimemwomba Mungu amponye upesi. Kwa ajili yake, na kidogo kwa ajili yangu. Nisamehe.

Usishangae kuandikiwa barua kama watu wa zamani. Simu yetu ya nyumbani ndiyo hiyo hiyo ya dukani, na ujumbe wako wa sauti ulipoingia juzi Baba aliufungulia palepale kaunta. Wateja wote wakausikia. Muuza soksi wa nje naye akakujibu, "Asante dada, na sisi tumekumisi!" Sasa mimi ningejibu nini mbele ya umati ule? Unanijua, hata kumwambia mwalimu "naomba kutoka" ni kazi. Mjomba Elimringi amesema kila anapofunga mzigo wa vitenge wa kwenda Moshi nimpe bahasha, ataisokomeza katikati ya marobota. Ikinuka vitenge vipya, ndiyo sababu.

Mdogo wangu Taimur hajambo. Anaendelea vizuri. Kila siku nikitoka shule natandika mkeka pale ulipokuwa ukikaa naye, naweka meza yake ndogo, juu yake kikombe, kijiko, kitana na kiatu, namwambia kama ulivyonifundisha: "Nipe kikombe." Anafanya vizuri tu. Akipatia nampa ule utepe wa Baba wa kupimia vitambaa, anauzungusha, anafurahi.

Kuna jambo moja. Ile shule yenye darasa la watoto kama yeye imesema itamwangalia mwisho wa Novemba. Akionekana anaelewa anachoambiwa na mtu asiyemzoea, ataanza Januari. Asipopokelewa, Baba amesema Shangazi Anfal atakuja kumchukua akaishi naye Muscat, huko kuna vituo. Baba si mtu mbaya, wewe unamjua. Anasema mtoto ana miaka sita na hajatamka neno, mimi mwakani nina mtihani wa kidato cha nne, yeye na Mama wanashinda dukani, nani atakaa naye? Nikasema, "Mimi." Sauti haikutoka vizuri. Niliporudia, alikuwa ameshaanza kumkatia mteja kitambaa.

Utarudi lini?

Wako,
Zeina Salem

*

Marangu
18 Septemba 2023

Mdogo wangu Zeina,

Marahaba. Bahasha imefika imekunjamana kama imekaliwa na abiria mnene, lakini imefika. Mama yuko kitandani anatoa amri. "Josepha, nani kafunga ng'ombe vile? Josepha, hiyo mboga umeiosha?" Kilichovunjika ni nyonga, mdomo uko salama.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Mwandiko safi, habari nzuri, ila haina kosa hata moja la Taimur. Mtoto gani huyo? Mimi naondoka alikuwa anakosea kila siku, na ndivyo inavyotakiwa, maana asiyekosea hafundishwi kitu kipya. Ukiniandikia "vizuri tu" mimi huku sioni chochote. Niambie alipokosea. Mkono ulikwenda wapi? Macho yalikuwa wapi? Wewe ukafanya nini? Kosa la mtoto asiyesema ndiyo sauti yake, hapo ndipo nitajua anawaza nini.

Wala usiogope kwamba nitakugombeza. Nimewahi?

Habari ya kurudi, tuone kwanza mama akisimama.

Dada yako,
Josepha

*

Kariakoo
27 Septemba 2023

Dada Josepha,

Shikamoo. Si kweli kwamba anaendelea vizuri.

Nikimwambia "Nipe kikombe," anapeleka mkono kwenye kijiko. Habahatishi. Anakitazama kikombe kwanza, haki ya Mungu anakitazama, kisha anaweka mkono juu ya kijiko na kutulia. Hakichukui. Anauacha mkono pale kama mtu aliyeegemea kaunta akingojea chenji. Mimi nafanya ulivyonifundisha: sisemi hapana, sisemi umekosea, naushika mkono wake naupeleka kwenye kikombe, nauliza tena. Anarudi kwenye kijiko. Kwenye kitana hivyo hivyo, kwenye kiatu hivyo hivyo. Vitu alivyokuwa akikupa wewe bila hata kufikiri! Juzi nikapaza sauti, "Taimur, KIKOMBE!" Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi: "We Zeina, mwenzio si kiziwi." Nikaenda kulia chooni.

Mama naye ana lake. Unajua mkono wa kushoto hataki kuuona kwenye chakula. Taimur akipokea kwa kushoto, Mama anautoa taratibu, anaushika wa kulia, anauweka kwenye gilasi, "Bismillahi, kulia, habibi." Zamani ilikuwa mara moja moja. Sasa ni kila mlo, tena anamtazama Mama usoni kabisa huku ananyoosha huo huo wa kushoto. Mama anasema amekuwa mkaidi. Baba anasema amesahau yote, na kwamba Muscat watu hawapotezi muda na vikombe.

Naogopa, Dada. Nadhani mimi ndiye ninayemharibu.

Nikuambie kingine ambacho mdomoni kisingetoka. Siku ya kwanza uliponionyesha namna ya kumwongoza, mkono wako ulikuwa juu ya wangu, wangu juu ya wa Taimur, mikono mitatu kwenye kikombe kimoja cha plastiki. Ukaniambia, "Usibane, Zeina. Mwache aone kwamba ni yeye anayekwenda." Shuleni nikikosea neno la Kiingereza darasa zima linacheka na mwalimu anacheka nao. Nikirudi nyumbani nikakosea la Kiswahili, binamu zangu wanacheka, eti mtoto wa ingilishi midiamu. Nimejifunza kunyamaza kwa lugha zote mbili. Wewe peke yako ulikuwa ukinirekebisha nami nisione aibu.

Sina dada. Mlango ukigongwa saa kumi, saa yako ya kuja, bado nakimbia kufungua. Jana alikuwa mtu wa kusoma mita ya maji.

Rudi hata wiki moja tu.

Zeina

*

Marangu
8 Oktoba 2023

Zeina,

Nimecheka peke yangu zizini mpaka mama akauliza kwa sauti kama nimepatwa na kitu.

Taimur hajasahau. Soma tena ulichoniandikia wewe mwenyewe: anakitazama kikombe kwanza. Anajua kilipo. Kisha anaweka mkono kwenye kijiko na anasubiri. Sasa jiulize, anasubiri nini? Akipatia, tunampa utepe akacheze peke yake. Akikosea, anashikwa mkono. Na kwa mama yako ni hayo hayo: anamtazama usoni, ananyoosha mkono usiotakiwa, anashikwa, anaitwa habibi. Ukaidi uko wapi hapo? Mtoto ametafuta njia ya kushikwa, akaipata, na waliomfundisha ni sisi. Mimi wa kwanza. Nilimshika kila alipokosea, kwa upole kweli kweli, na nikaondoka hapo kwenu najisifu kwa upole wangu.

Basi tunageuza. Akikosea, usimguse. Usikunje uso, usiseme neno. Vuta vitu vyote kwako, tulia kidogo, vipange upya kama ndiyo kwanza mnaanza, uliza tena, na safari hii wahi kumwonyesha kikombe kwa kidole kabla mkono wake haujaondoka. Akipatia, hapo sasa ndipo umshike. Mikono yote miwili. Mbinyebinye, mwimbie, fanya vituko. Mama yako naye asogeze gilasi upande wa kulia, na akipokea kwa kulia ndipo amshike na kumwita habibi mpaka achoke.

Siku za mwanzo atakosea zaidi. Atakasirika, atautaka ule mkono wa zamani. Usimpe. Itakuuma wewe kuliko yeye.

Anza mapema. Novemba si mbali.

Josepha

*

Kariakoo
29 Oktoba 2023

Dada Josepha,

Shikamoo.

Jana Mjomba Elimringi alikuja dukani na kadi za mchango. "Mzee Salem, jirani yangu, tusaidiane, binti anaolewa."

Baba akasema, "Mashallah, hongera! Binti yupi tena?"

"Si Josepha! Mwalimu wa Taimur. Sendofu ya kumuaga ni Desemba, tukienda kwetu Krismasi. Anaolewa Himo, na kazi ameshapata huko huko."

"Mbona ghafla hivyo?"

"Ghafla wapi, mzee? Posa imekuja tangu Julai."

Nilikuwa nimebeba jora la satini begani. Nililiweka chini, nikaliokota, nikaliweka chini tena. Kadi ina maua ya dhahabu pembeni na jina lako katikati.

Julai ulikuwa bado unakaa kwenye mkeka wetu.

Basi nami nikuambie ukweli. Njia yako sijaifuata. Niliielewa nilipoisoma tu, na nilijua ni sahihi, kwa sababu siku hiyo hiyo nilimtazama vizuri alivyoweka mkono juu ya kijiko. Macho yake yalikuwa mlangoni. Huo mkono anaousubiri si wangu. Nikawaza: nikimfundisha kuacha kusubiri, humu ndani atakuwa hayupo tena anayekusubiri isipokuwa mimi. Kwa hiyo tumekaa hivyo hivyo, yeye na kijiko chake, mimi na barua zako. Kila siku anakosea na kila siku namshika.

Sitaki jibu.

Zeina

*

Marangu
6 Novemba 2023

Zeina,

Umesema hutaki jibu. Nimekosa adabu, nakujibu.

Unajua mimi nikiona kosa sitoi hotuba. Navuta vitu kwangu, naanza upya. Basi naanza upya. Zeina, ninaolewa. Anaitwa Benedict, anafundisha useremala Himo, na kanisani anacheka kwa sauti mpaka nafanya kama simjui. Mama aliumia kweli, lakini hata asingeumia ningeondoka mwisho wa mwaka. Sirudi Dar. Hivyo ndivyo nilivyotakiwa kukuambia Julai, pale mkekani, ukiwa unanitazama.

Sikukuambia kwa sababu kila ulipofungua mlango ulikuwa umeshatabasamu kabla hujaona nani kagonga. Niliogopa kuwa mtu wa kulifuta lile tabasamu. Kisha barua zikaanza, na kila ilipofika moja nilisema hii ya leo namjibu ukweli, halafu najikuta nakuandikia habari za vikombe. Huku nina watoto wawili ninaowafundisha. Nikigonga kwao naambiwa "pita" na mtu ambaye hata hajainuka.

Kunichukia, ruksa. Lakini Taimur hajui Muscat ni wapi. Anachojua ni kwamba akikosea anashikwa. Huko shule mwalimu atamuuliza, yeye ataweka mkono kwenye kitu ambacho hakuombwa na kungoja, na yule mwalimu hatamshika. Ataandika kwamba haelewi. Utakuwa umempoteza ndugu yako kwa kumngojea mtu ambaye yuko Marangu anakamua ng'ombe.

Muda bado upo ukianza leo. Niache mimi kabisa, usinifikirie. Mpe mkono wako, akuzoee wewe.

Dada yako, kama bado naruhusiwa,
Josepha

*

Kariakoo
1 Desemba 2023

Dada Josepha,

Shikamoo. Bado unaruhusiwa.

Nilianza siku ile ile barua yako ilipofika. Ulisema atakasirika, hukusema atang'ata. Alirusha kijiko kikapita dirishani, kikaangukia turubai la muuza soksi, naye akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Nyie wa ghorofani! Mkimaliza vijiko shusheni na sufuria, nifungue mgahawa!" Mama aligoma kabisa. "Mwanangu ananinyooshea mkono, mimi nimwangalie tu kama sanamu?" Akalia, na mimi nikalia, Taimur akatuangalia wote wawili. Kesho yake Mama akaniita jikoni: "Hebu nisomee tena alivyoandika yule binti, pale kwenye habibi." Nikamsomea. Tangu hapo gilasi inakuja kwa upande wa kulia.

Ilikuwa Ijumaa, umeme umekatika, majenereta ya Kariakoo yote yananguruma. "Nipe kikombe." Akanipa kikombe. Utepe ulikuwa palepale mezani na hakuugusa. Akanyoosha mikono yote miwili. Nilimshika, Dada. Ana viganja vya moto sana. Nilikuwa sijui hilo, na ni mdogo wangu, nakaa naye miaka yote hii. Nadhani siku zote nilikuwa namshika kwa niaba yako.

Jana ndiyo tulikwenda shule. Mvua kubwa, Jangwani maji yamepanda, tulifika tumelowa na Baba analaumu kila mtu hadi wingu. Mwalimu anaitwa Victoria, mama mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Alitukalisha mimi na Baba kwenye benchi ukutani. "Nyie hapo kimya. Nataka kumwona yeye, sitaki kuwaona nyie." Mezani aliweka vitu vya kwake: kikombe cha bati, mswaki, mpira.

"Taimur, nipe mswaki."

Mkono ukaondoka, ukaenda, ukasimama juu ya mpira. Haukugusa. Baba akavuta pumzi. Taimur akanitazama, akautazama mlango, na ulikuwa umefungwa. Kisha akachukua mswaki akampa mwalimu. Kwa mkono wa kulia! Mama angekuwepo angepiga vigelegele.

"Vizuri sana," mwalimu akasema, akainamia karatasi zake.

Taimur akanyoosha mikono yake miwili.

Mwalimu hakuona, alikuwa anaandika. Mikono ikabaki hewani. Nikaona vidole vinaanza kukunjika, mkono wa kushoto unashuka pole pole kuelekea mpira, na nilijua kabisa anachowaza: amepatia na hajashikwa, basi ajaribu ile njia ya zamani. Tuliambiwa tukae kimya. Ofisi ya watu, mwalimu nisiyemjua, Baba ubavuni. 

"Mwalimu, mshike mikono!"

Sauti ilitoka kubwa mpaka Baba akaniangalia kuona kama ni mimi. Sikunyamaza. Nikasema, "Amepatia. Akipatia tunamshika. Ukimshika atakupa vyote."

Mwalimu akavua miwani, akanitazama, nikajua tumefukuzwa. Akaweka kalamu chini, akamshika mikono. "Haya, Taimur. Nipe kikombe." Akampa. Akamshika. "Nipe mpira." Akampa, na safari hii alikuwa ameshaanza kucheka kabla hajashikwa.

"Nani kamfundisha?" mwalimu akauliza.

Baba akasema, "Dada yake huyu."

Nilitaka kulitaja jina lako. Nilikuwa nalo mdomoni, na sauti kwa mara ya kwanza nilikuwa nayo. Sikulitaja. Nilitaka libaki langu kidogo.

Ataanza Januari. Shangazi Anfal ameambiwa asikate tiketi, amenuna.

Tulipomaliza, mwalimu alimchukua kumwonyesha darasa lake. Walipita mbele ya benchi letu wameshikana mikono, na Taimur hakugeuka. Hakunitafuta, hakuutazama mlango. Alikuwa anautazama mkono wa mwalimu. Nikabaki nimekaa na Baba, na Baba akasema, "Mbona unalia, si amepita?" Nikasema mvua imeniingia machoni, na tulikuwa ndani.

Kwa hiyo sasa hangoji tena, Dada. Jana jioni mlango uligongwa saa kumi na hakuinua hata kichwa. Mimi niliinuka.

Baba amechangia sendofu yako na anasema Mama akikubali nitapanda basi na Mjomba Elimringi. Nikija nitakaa nyuma kabisa. Najua foleni ya kukupongeza ikifika zamu yangu, na watu wote wale, na wewe umevaa vile, sauti ile ya jana itakuwa imeshaondoka. Ndiyo maana nakiandika hapa nisikibebe mpaka huko.

Hongera, Dada Josepha. Nilitaka urudi.

Mdogo wako,
Zeina